Nilivyomfikisha Kaberia Kibugu na Mlango Wake wa Chuma

Kila mtu aliyekuja kwenye meza yangu ya nyanya wiki hii amechagua polepole kuliko kawaida, akaipapasa nyanya moja kama anayempima mtoto homa, kisha akauliza, "Na safari ilikuwaje, Mama Mwenda?" Nimejibu mpaka koo limekauka, na nyanya ziko palepale. Basi naandika mara moja. Anayetaka kujua asome, na akimaliza anunue.

Kwanza tumalize hili. Mume wangu Kaberia hakuwekewa moyo wa mwanamke. Najua hapa Muthara mmeshakubaliana hivyo, na najua nani alianza. Moyo ni uleule aliozaliwa nao. Ndani yake mlikuwa na mlango mmoja mdogo usiofunga vizuri, damu ikawa inarudi ilikotoka. Madaktari wakautoa, wakaweka wa kutengenezwa. Ndiyo maana ukikaa karibu naye mahali patulivu unasikia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Wengine wenu mlitoka kwangu mbio bila kumaliza chai.

Lakini sitasema kwamba aliyerudi ni yuleyule. Mwanamume niliyempeleka hospitali alikuwa anasema maneno machache kwa siku, na mengi ya hayo yalikuwa "chai" na "wapi". Aliyerudi anaongea kuanzia anapofungua macho. Analia pia. Amewahi kulia kwa sababu jogoo wetu aliwika na hakuna jogoo mwingine aliyemjibu. Akimaliza kulia anakasirika, na hasira ikiisha anataka kujua ni kwa nini mimi simwonei jogoo huruma. Sista wa kliniki aliniambia hutokea kwa wengi baada ya operesheni ya moyo: machozi, hasira, usingizi wa vipande vipande. Kwa wengi hupungua miezi ikipita, na yakizidi nimrudishe aonekane. Akaongeza, "Mvumilie tu, mama." Nilimwangalia kidole. Hakikuwa na pete.

Muthara: kwa nini nilimbeba

Mngeuliza, si ningemwacha nyumbani na jogoo wake? Singeweza. Marigu, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa anaombwa uchumba na watu wa Kanja, kule kwetu Embu. Nyinyi mnajua mimi ni mtoto wa Kibugu, niliyeacha shule darasa la saba mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na kaka yetu Njeru akiwa mdogo na Marigu akiwa wa kubebwa mgongoni. Siku ya msichana kuombwa, lazima kiti cha baba kikaliwe na mtu mzima, mwenye nyumba na mke. Njeru hajaoa, kwa hivyo hata awe na ndevu mpaka magotini ataketi mlangoni. Kiti ni cha Kaberia, shemeji mkubwa.

Na kile kiti alikuwa anakiweza. Alipokuja mtu kumwomba binamu yetu, Kaberia aliwaangalia wageni tu. Walisalimu, akawaangalia. Walieleza, akawaangalia. Basi wale watu wakaanza kuongeza mbuzi wenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila mtu kuwaomba. Kibugu nzima inaikumbuka siku ile.

Sasa nilikuwa napeleka mtu anayemlilia jogoo. Nikawaona watu wa Kanja wakimchukua Marigu kama anayeokota kuni njiani, na maisha yake yote kule wakimwambia ametoka nyumba isiyo na mwenyewe. Niliambiwa hivyo mimi, hapahapa Muthara, miaka yangu ya kwanza. Sikutaka aambiwe Marigu.

Muthara hadi Meru mjini

Tulipanda lori la Salim. Salim ni mfanyabiashara wa Maua, Mwislamu, mtu mzima wa maneno makali na roho nyeupe, ambaye kwa miaka amenunua miraa ya Kaberia. Alikuwa anapeleka Embu magunia ya njahi, yale maharagwe meusi, na akasema tukae mbele pamoja naye, Kaberia katikati, mkanda usimbane kifua kilichoshonwa. Tungefika Kibugu jioni ileile, tulale, tuamke tupokee wageni tukiwa tumeoga. Huo ndio ulikuwa mpango.

Daktari amemkataza Kaberia miraa. Salim hakujua. Alipotoa kichala chake na kumkaribisha, kama alivyofanya siku zote, Kaberia alikishika mikononi, akakiangalia, na midomo ikaanza kutetemeka.

"Nimekukosea nini?" Salim akauliza.

"Ni marafiki waliozoeana," nikamwambia. "Waache waagane."

Ilikuwa Ijumaa. Tulipofika Meru, Salim akaegesha lori karibu na soko akaenda kuswali. Nilishuka kumtafutia Kaberia maji ya kumezea dawa. Niliporudi hakuwa ndani ya lori. Alikuwa mbele ya mama mmoja muuza ndizi, amevua kofia, anamwomba msamaha kwa siku aliyombana bei miaka mingi iliyopita. Yule mama hakumkumbuka hata kidogo. Alifikiri ni mhubiri. Akasema "Amina" kwa adabu. Jirani yake naye akasema "Amina", na watu wa Meru wakisikia Amina mbili mahali pamoja husimama. Mzee mmoja akasogea, akanyoosha goti lake lililovimba, akaomba liombewe. Kaberia akapiga magoti palepale kwenye maganda, akaliombea goti la watu huku machozi yanashuka mpaka kwenye kola.

Salim akatokea na kofia yake nyeupe, amepoa baada ya swala, akakuta umati umezunguka lori lake na wimbo umeshaanza.

"Kaberia! Nimeenda kuswali kidogo tu, wewe umefungua kanisa?"

Kumtoa pale kulichukua muda mrefu kuliko swala. Mwenye goti alitaka kujua ibada ya Ijumaa ijayo itaanza saa ngapi.

Meru hadi Chuka

Baada ya hapo nikaanza kazi. Nilimwambia, "Baba Mwenda, kesho utasema sentensi tatu tu. Wakiingia: karibuni. Wakieleza: tumesikia. Wakitaja chochote: tutafikiri. Ukimaliza hizo, funga mdomo."

"Na wakiniuliza habari ya nyumbani?"

"Tutafikiri."

"Habari ya nyumbani tutaifikiria?"

Salim akajitolea kuwa mgeni wa Kanja. Akiwa anakata kona akabadilisha sauti, akasema, "Mzee, tumeona ua zuri kwenye boma lako." Kaberia akasema, "Karibuni." Nikafurahi. Salim akaendelea, "Tungependa kulichuma, tukalipande kwetu." Kaberia akanyamaza. Nikafurahi zaidi. Kisha akamshika Salim bega na kusema, "Mtalimwagilia maji lakini?" na sauti ikakatika.

"Huyu," Salim akaniambia, "mpeleke kesho amezibwa mdomo kwa plasta."

Kwenye kona za Nithi alidai Salim apunguze mwendo. Akapunguza. Akadai apunguze tena. Baiskeli ya mtu mwenye kuni ikatupita. Salim akazima redio ili asikilize injini, na tukasikia ile tik, tik, tik ikienda kasi.

"Hiyo ni lori au ni wewe?"

"Ni mimi."

"Alhamdulillahi. Vipuri vya lori havipatikani huku."

Nadhani lori lilisikia, maana kilomita chache mbele likaanza kutoa mvuke kama sufuria ya githeri. Fundi alipatikana, lakini kifaa hakikupatikana hadi siku inayofuata, na tukavutwa mpaka Chuka jua likiwa limeshazama.

Chuka: mboga na blanketi

Sasa mnielewe kuhusu mboga. Kaberia anameza dawa ya kuzuia damu isigande kwenye ule mlango wa chuma, na dawa hiyo haipatani na mboga za majani zinazoliwa ovyo. Sista alisema ale kiasi kilekile kila siku, asije akala mlima leo na kesho asionje. Hotelini Chuka wakatuletea ugali, nyama kidogo, na sukuma wiki ya kutosha kulisha mbuzi. Nikamtolea sehemu yake, nikavuta sahani iliyobaki upande wangu.

Mhudumu, msichana mwenye huruma nyingi, akasimama. "Mama, si umwachie mzee mboga. Anaonekana mgonjwa."

"Ndiyo maana namnyima."

Meza zote zikageuka. Kaberia akawaelezea, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, kwamba nyumbani pia namnyima, kwamba nahesabu majani. Mwanamume wa meza ya pili akamsukumia sahani yake. Nikairudisha. Akaisukuma tena. Tulisukumana ile sahani mpaka mchuzi ukamwagika mezani.

Hapo ndipo hasira ilipokuja, na hii sikuicheka. Kaberia alipiga meza akasema mbele ya wote, "Wewe ulitaka nife kule hospitali. Ungekuwa umepumzika sasa." Halafu akaendelea kula, kama mtu aliyeomba chumvi tu. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni kwenye korido ya ile hospitali, nikiwa nimeweka kichwa kwenye viatu vyake. Nililipa chakula, nikamwambia mhudumu kwamba mboga zilikuwa na chumvi nyingi, jambo ambalo halikuwa kweli, na tukaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, ameshika lile blanketi la gesti. Lilikuwa jembamba, ungeweza kusomea gazeti ukiwa chini yake. Alikuwa analia tena, polepole, bila sauti.

"Blanketi," akasema.

"Nimeliona. Tungewaomba la pili jana."

"Si hili, Mama Mwenda."

"Basi lipi?"

Akatikisa kichwa, akavaa viatu. Mimi nilikuwa nafikiria wageni walioalikwa mchana na sisi bado tuko Chuka, kwa hivyo sikumwuliza tena.

Kanja: rafiki mpya

Lori lilipona. Salim akasema lazima tupitie Kanja kwanza, kuna mtu wa kumwachia magunia mawili, haitachukua muda. Maneno hayo Salim huyasema kila anapoingia mahali patakapochukua muda. Nilimweka Kaberia kwenye kibanda cha chai, nikamwambia aketi, anywe, asimwombee mtu yeyote goti. Nikaenda kununua sukari ya kupeleka nyumbani.

Niliporudi alikuwa ameshikana mikono na mzee mmoja. Mzee safi, koti la kijivu lililopigwa pasi, fimbo iliyong'arishwa, viatu vinavyometa kwenye matope ya Kanja. Ningejiuliza mtu wa koti kama lile anasubiri nini kibandani asubuhi ya Jumamosi. Sikujiuliza. Kaberia alikuwa amefungua vifungo viwili vya shati, na yule mzee alikuwa ametega sikio kifuani pake.

"Ajabu ya Mungu," mzee akasema. "Inalia kweli."

"Na mimi nalia nayo," Kaberia akamjibu. "Mtu akiniomba kitu siku hizi siwezi kukataa. Nimekuwa laini kama ndizi iliyoiva."

Yule mzee akanigeukia, akanyanyua kofia. "Mama, mshukuru Mungu. Mume anayefungua moyo wake ni baraka nyumbani."

Nikamshukuru. Nikamwachia hata nusu ya mandazi yetu. Ndani ya lori nikamwuliza Kaberia yule ni nani.

"Mwalimu mkuu mstaafu. Anaitwa Nyaga. Mtu mzuri sana. Nimemwambia tunaenda Kibugu kwa shughuli, papo hapo akaniagizia chai nyingine."

Salim akaniangalia juu ya kichwa cha Kaberia. Mimi nikatazama mbele. Embu nzima imejaa wazee wanaoitwa Nyaga, nikajiambia.

Kibugu

Tulifika ukungu ukiwa bado juu ya majani chai, na kule karibu na msitu ukungu hauna haraka. Marigu alinikumbatia lango likiwa bado wazi. "Dada, nilidhani hamji." Nikamwambia kuna watu wamechelewa zaidi yetu, nikaingia jikoni, nikashika mwiko. Viazi na mahindi ya mukimo yalikuwa hayajapondwa.

Nieleze tulivyokaa, kwa wasiojua kwetu. Wazee wa Kibugu upande mmoja, wageni upande wa pili, Kaberia kwenye kiti cha baba, Njeru mlangoni. Wanawake tuko jikoni, na kati ya jikoni na sebule kuna mlango ambao haufungwi siku kama hiyo, kwa sababu za moshi. Hivyo ndivyo husemwa. Tunasikia kila kitu. Katikati kuna kibuyu cha kinywaji. Zamani kilikuwa cha pombe ya asali. Siku hizi sote tumeokoka, kwa hivyo tunatia soda ya machungwa, lakini ndani ya kibuyu, na kila mtu anakiheshimu kama mwanzo. Mwenye kiti hukishika mpaka mazungumzo yaishe. Ndipo msichana huulizwa, "Tunywe?" Akisema mnywe, ameolewa.

Wageni waliingia. Wa mbele alikuwa na koti la kijivu na fimbo iliyong'arishwa.

Mwiko ulinianguka mguuni.

"Karibuni," Kaberia akasema, kisha uso ukamng'aa. "Ah! Mwalimu!"

"Shemeji yangu mtarajiwa," Nyaga akajibu, na watu wake wakacheka kicheko cha watu walioambiwa kitu njiani.

Alianza vizuri, lazima nikubali. Ana sauti ya gwaride la shule. Alisifu ukungu, akasifu chai, akasifu barabara, ambayo haina sifa. Kisha akasema, "Tulipotumwa kuja huku, tulijiuliza tutazungumza na nani. Tuliambiwa baba hayupo, na mama hayupo. Nyumba ni ya watoto. Lakini tumefurahi kumkuta shemeji, na tumefurahi zaidi kujua moyo wake umefanywa laini." Wakacheka tena.

"Tumesikia," Kaberia akasema. Nikashukuru jikoni.

"Kwa hivyo hatutachosha wazee. Yako mambo ya desturi, zawadi za wazazi, ambayo hapa hayana mtu. Koti la baba, halina mabega ya kulivaa. Blanketi la mama, halina mama wa kufunikwa. Hayo tuyaruke, tusiwasumbue waliolala. Tunasemaje, shemeji?"

Lilikuwa lango la sentensi ya tatu. Nilikuwa naisukuma kwa midomo kutoka jikoni: tutafikiri, tutafikiri. Marigu kando yangu alikuwa ameinamisha kichwa, na niliona masikio yake yamewaka. Ile aibu naijua ladha yake. Siku niliyoombwa mimi, katika sebule ileile, watu wa Muthara waliruka blanketi kwa maneno karibu hayohayo, na mimi nikiwa napika palepale.

Nyumba ikatulia. Katika utulivu ule ikaanza kusikika: tik, tik, tik. Kijana mmoja wa Kanja akainama kuangalia chini ya kiti. Mwingine akajipapasa mifuko. Kaberia alikuwa ameinamia kibuyu alichokishika, na chozi moja, nene, lililotembea shavuni bila haraka, likaning'inia kwenye kidevu na kudondoka ndani ya soda.

Lilisikika.

Mzee mmoja wa Kanja, aliyekuwa amesinzia tangu sala ya kufungua, akasimama wima kama mtu aliyemwagiwa maji. "Amelia ndani ya kibuyu!"

Sasa hapa ndipo mngekuwa wageni wa mahali mngeshangaa. Mtu anayetoa msichana akitoa chozi likaangukia kinywaji cha msichana, hiyo ni laana ya mzazi, ile wazee wetu huiogopa kuliko radi. Kinywaji hicho hakinyweki. Ukikinywa, nyumba itakayojengwa haitasikia mtoto. Hakuna aliyewahi kuona ikitokea, kwa sababu hakuna mwanamume aliyewahi kulia kwenye kiti kile tangu Kibugu iwe Kibugu. Kaberia ni wa kwanza, na yeye hulilia jogoo.

Wazee wa upande wetu walijua habari ya jogoo. Njeru aliwaambia. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mmoja wao alitikisa kichwa polepole, akasema kwa sauti ya kaburini, "Hili ni jambo zito." Mwingine akasema, "Zito sana," na kuangalia dari, nadhani ili asicheke. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi, na ningeweza kuingia niseme ni operesheni, ni dawa, ni kawaida, sista alisema. Nikageuza mukimo.

Watu wa Kanja waliomba ruhusa watoke nje kushauriana. Wa kwanza kufika nje alikuwa Mwalimu Nyaga, ambaye nimeambiwa ni mzee wa kanisa na kwa miaka mingi aliwachapa watoto waliotaja mambo ya laana darasani. Tuliwaona kupitia dirisha la jikoni, wamekusanyika kati ya michai, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Waliporudi hawakucheka. Koti la baba lilikuwa limepata mabega. Mbuzi wa kufuta chozi alikuwa ameahidiwa. Na mbuzi wa pili, wa kumsindikiza wa kwanza.

"Mzee," Nyaga akasema, na safari hii neno shemeji lilikuwa limebaki huko kwenye michai, "tuambie. Chozi hili litafutwa na nini?"

Nilifunga macho. Tutafikiri, Baba Mwenda. Maneno ndiyo hayo tu.

"Blanketi," Kaberia akasema.

Kisha akaongea. Na mimi niliyemkataza kusema zaidi ya sentensi tatu, nitawaandikia alivyosema.

"Mimi nilikuja kwenye nyumba hii kuomba msichana. Watu wangu waliruka blanketi, wakasema mama hayupo. Mimi nilikaa pale ulipokaa wewe, Mwalimu, nikanyamaza, na watu wakasema huyo kijana ana msimamo. Lakini mama alikuwepo. Alikuwa jikoni. Huyu Marigu alikuwa amemshika sketi, na yeye anatupikia sisi, tunaokula na kusema hayupo. Aibu hiyo niliijua siku ile. Nimeijua miaka yote. Tangu nipasuliwe sina pa kuiweka." Akapangusa uso kwa mkono wote, kama anayenawa. "Mama wa Marigu yuko pale kwenye moshi. Nendeni mkamfunike. Mkimaliza, mje tuendelee."



Watu wa Kanja hawakuwa wamebeba blanketi. Walikuja wakijua watalipita. Vijana wao wawili wakatumwa mbio madukani Kibugu. Lililopatikana ni lile zito la manyoya lenye picha ya simba, nyekundu, kubwa kama hema. Na anayefunika lazima awe msemaji. Kwa hivyo Mwalimu Nyaga, na koti lake la pasi, akainama chini ya mlango wa jikoni, akakanyaga maganda ya viazi, na moshi ukamwingia machoni mpaka naye akatoa machozi, akaniwekea simba mabegani nikiwa nimeshika mwiko.

"Mama," akasema. Ilimtoka kwa shida.

"Karibu mukimo, Mwalimu," nikamjibu.

Marigu alikuwa analia, Njeru analia mlangoni, wake wa wazee wanalia. Mimi sikulia. Mmoja nyumbani anatosha.

Kibuyu kikaoshwa, soda mpya ikatiwa. Marigu akaulizwa, "Tunywe?" Akanitazama kwanza mimi, siyo kiti. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kunyweni," akasema.

Kurudi

Salim alitukuta asubuhi iliyofuata, akasikiliza hadithi yote kuanzia Kibugu mpaka Runyenjes bila kukatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo miaka yote umekuwa ukinipandishia bei ya miraa kwa kunyamaza, kumbe ungelia ningekupa shamba." Kaberia akacheka mpaka akashika kifua. Halafu akamkasirikia Salim kwa kumchekesha mtu mwenye mshono, na hakumsemesha hadi Meru.

Sikuwaambia watu wa Kanja habari ya jogoo, na nyinyi msiwapelekee. Mbuzi wameshafika. Marigu ameniambia kule wanamwita binti wa Mama Mwenda, na Mwalimu Nyaga akimwona humwamkia yeye kwanza.

Blanketi liko kitandani kwangu. Anayelala chini yake ni Kaberia, anasema siku hizi anasikia baridi. Nikivuta upande wangu ananiambia moyo wangu ni mgumu, kisha ananiomba msamaha, kisha analivuta tena. Ile ya Chuka, kwamba nilitaka afe, hajaiombea msamaha. Nadhani haikumbuki. Mimi naikumbuka kwa niaba yetu sote wawili.

Mnaniuliza kama yule wa zamani atarudi. Leo asubuhi aliamka, akaketi, akasema, "Chai." Basi. Nikasimama na birika nikisubiri yaliyobaki, kuhusu jogoo, kuhusu goti la yule mzee wa Meru, kuhusu ndoto alizoota. Hakusema. Jogoo akawika, yeye akatazama mlango tu. Sikujua kama nifurahi.

"Chai na nini, Baba Mwenda?" nikamwuliza.

Akanigeukia, na nikaona macho yanaanza kulowa.

Nikamimina.